Watoto wanajibu "tuko sawa" kila siku. Je, kishikwambi kitawafungua midomo?

"Shikamoo Mama. Ninasimamia makao yenye watoto 31, wadogo wana miaka mitano na wakubwa 17. Kila tukiwauliza, kwenye kikao au mmoja mmoja, jibu ni 'tuko sawa'. Mwezi wa tatu kijana wetu wa miaka 13 alitoroka. Alipopatikana alimweleza afisa ustawi wa jamii mambo ya bweni la wavulana ambayo sisi hatukuwahi kuyasikia, mengine yalikuwa yanaendelea mwaka mzima. Sasa mfadhili ametuletea vishikwambi vinne na anapendekeza programu ambayo watoto wataijaza wenyewe, bila majina, majibu yaende kwake na kwangu. Walezi wamekasirika, wanasema tunawafundisha watoto kutushtaki. Mimi naogopa mambo mawili: kwamba watoto watachezea tu na kugusa ovyo, au kwamba watasema jambo kubwa nami nisijue la kufanya. Nusu yao hawasomi vizuri. Je, ni kweli kompyuta inaweza kumfanya mtoto aseme ukweli?"

Marahaba, mwanangu. Tuanzie hapo hapo kwenye salamu, maana nusu ya jibu lako imo humo. Umeniamkia, nami nimekuitikia. Hukujua kama leo nimeamka goti linauma au nimegombana na wanangu, na hata kama ingekuwa hivyo bado ningekuitikia marahaba. Mtoto wetu anajifunza kabla hajajua kuhesabu kwamba hujambo hujibiwa sijambo, habari hujibiwa nzuri, na mambo hujibiwa poa. Ukimwita ofisini ukamwuliza, "Habari za bwenini?", umemsalimia. Atakujibu nzuri, kwa adabu kabisa, kisha ataomba ruhusa aondoke. "Mko salama?" nayo ni salamu. Mwaka mzima ule watoto wako hawakuwa wakikudanganya. Walikuwa wanaitikia.

Hilo la kwanza. La pili ni kwamba anayeuliza ndiye anayegawa. Wewe na walezi wako ndio mnaopanga nani alale wapi, nani apate viatu vipya, nani aende kwa shangazi yake Desemba. Mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba moja hawezi kuihatarisha ya pili kwa sababu ya swali la mtu mwenye funguo za stoo. Ningekuwa na miaka tisa ningenyamaza vilevile.

Kwa hiyo ninavyouelewa wasiwasi wako ni huu: mashine ikikaa kati yenu na mtoto, je, salamu zitakoma na mazungumzo yataanza? Inawezekana, kwa mambo fulani, na kwa sharti moja ambalo halimo ndani ya kishikwambi. Nitafika kwenye hilo sharti.

Kwanza niondoe dhana moja. Kompyuta haimfanyi mtu yeyote aseme ukweli. Kuidanganya kompyuta ni rahisi kuliko kumdanganya mama yako mzazi. Inachofanya ni kumwondolea mtoto uso wa mtu mzima, na hilo si jambo dogo. Tunapomwuliza mtoto jambo la aibu, hasikilizi swali peke yake, anasoma na nyusi zetu. Akianza kusema, nasi tukashusha pumzi au tukaacha kuandika, anajua amegusa pabaya, na maneno anayageuza yakiwa bado mdomoni. Skrini haina nyusi. Haimharakishi, haimwonei huruma, wala hatakutana nayo jikoni jioni. Swali likiwa gumu analisikiliza mara nne bila mtu kuguna. Na kwa mtoto ambaye mambo yake yote yameamuliwa na wengine, tangu siku aliyopandishwa gari kuletwa kwako, kuna jambo jingine: kidole chake ndicho kinachoamua kwenda mbele, kurudi nyuma, au kuliruka swali.

Hili limepimwa. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa wavulana wa miaka 15 hadi 19. Waliosikiliza maswali kwa hedifoni na kujibu kwenye kompyuta walikiri mambo nyeti, kama ya ngono na dawa za kulevya, kwa wingi zaidi kuliko wenzao waliojaza karatasi. Watafiti walifurahi sana. Mbinu hiyo ikaletwa Kenya kwa vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yakawa mchanganyiko: kwa maswali fulani kompyuta ilileta majibu zaidi, kwa mengine hapana. Nakutajia yote mawili kwa sababu muuzaji wa programu atakutajia la kwanza tu.

Wenye uzoefu mrefu na watoto walio katika hali kama ya wako ni Waingereza, ingawa kule wengi huishi na familia za malezi, si kwenye makao. Sheria ya Watoto ya 1989 inazitaka mamlaka za mitaa zijue matakwa na hisia za mtoto kabla ya kuamua jambo juu yake, na mpango wake wa malezi hupitiwa upya angalau kila miezi sita. Kwa miaka mingi kupitia huko kulikuwa kikao cha watu wazima na mafaili yao, mtoto yuko kwenye kiti cha mwisho, na mambo yakishaamuliwa anaulizwa, "Una lolote la kuongeza?" Hana. Ndipo zikaja programu kama Viewpoint, ambayo mtoto anajibu maswali yenye rangi na michezo ndani yake kabla ya kikao, na majibu yake yanaingia kikaoni pamoja na ya wakubwa. Miaka ya baadaye ikaja Mind Of My Own, ya kwenye simu, ambayo kijana anamwandikia afisa wake akiwa na la kusema, hata saa nne usiku, bila kungoja siku ambayo afisa ana nafasi.

Lakini ninayotaka uitazame kwa makini ni nyingine, inaitwa In My Shoes. Hiyo mtoto haachwi peke yake. Anakaa bega kwa bega na mtaalamu aliyefunzwa, mbele ya skrini moja, anachagua sura za furaha au hofu, anaweka watu mahali wanapoishi, anaonyesha mwilini panapouma. Walioitengeneza hawakumwondoa mtu mzima, walimhamisha kiti tu. Na sisi jambo hilo tunalijua bila kompyuta: binti anayekataa kabisa kusema ukimkalisha mbele yako atakusimulia yote mkiwa mnachambua mchele, kwa sababu macho yenu wote wawili yako kwenye ungo. Skrini ikitumika vizuri inafanya kazi ya ungo.

Sasa lile sharti. Kinachomwogopesha mtoto si uso wako peke yake, ni kitakachofuata. Akishika kishikwambi anajiuliza: nani atasoma haya? Nawe umeniandikia kwamba yatasomwa na mfadhili na wewe, bila majina. Hapo nakuomba usimame kidogo.

"Bila majina" kwenye makao ya watoto 31 ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Fomu ikiuliza jinsia, umri na darasa, msichana wa miaka 14 aliye kidato cha kwanza ni mmoja tu, na unamjua. Hata ukiyaondoa hayo, programu nyingi za kukusanya majibu hurekodi saa fomu ilipoanza na kumalizika, na namba ya kifaa. Nani aliingia chumbani saa nne na robo, unakumbuka. Niliwahi kuitwa kwenye makao fulani ambako sanduku la maoni lisilo na majina lilifunguliwa mbele ya wafanyakazi wote, na kabla ya chakula cha mchana kila mwandiko ulikuwa umekwisha kupata mwenyewe. Tangu siku hiyo sanduku lilikuwa likikusanya vumbi tu.

Tena, tuseme umefaulu kuficha kabisa. Utakuwa na jibu moja linalosema "kuna mtu ananishika usiku" na watoto 31 ambao yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye aliyesema. Utafanya nini? Utaitisha kikao?

Ninachokushauri ni siri yenye mipaka, na mipaka hiyo mtoto aambiwe kabla hajagusa kitu. Kila mtoto apewe namba, na orodha ya namba na majina iwe kwa mtu mmoja asiyefanya kazi hapo na asiyelipwa na wewe. Mtu huyo kwa kawaida ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Najua ana kata nyingi na usafiri hana, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi lini atasoma na nani atasoma akiwa safarini. Sauti ya mwanzo kwenye kishikwambi iseme hivi, kwa maneno ya kitoto: "Majibu yako atayasoma fulani, hafanyi kazi hapa. Hatawaambia walezi ulichosema. Lakini ukisema kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, itabidi awaambie watu wa kukusaidia, na atakuambia wewe kwanza. Ukitaka kuacha, acha. Hakuna atakayekukasirikia." Nakiri kwamba kuna watoto watakaosikia hayo wakaamua kunyamaza. Hiyo ni gharama, na naona ni afadhali kuilipa kuliko kumnasa mtoto kwa ahadi ya uongo, halafu ajue.

Wewe upate muhtasari: wangapi walisema nini, bila kutenga kundi lolote lenye watoto chini ya watano. Mfadhili apate pungufu ya hapo: mmejifunza nini, mmebadilisha nini. Kulipia magodoro hakumpi mtu haki ya kusoma siri za wanaoyalalia. Na si suala la heshima tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, na ina masharti kuhusu ridhaa na kuhusu kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Programu ya mfadhili wako ikihifadhi majibu kwenye seva ya ughaibuni, hilo linakuhusu wewe unayekusanya. Kabla ya kusaini chochote, waulize Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au mtafute mwanasheria akusomee mkataba.

Sasa nikuambie jambo ambalo limo kwenye barua yako mwenyewe na huenda hukuliona. Kijana wako alisema. Alisema uso kwa uso, bila kishikwambi, bila hedifoni. Alimwambia mtu wa nje. Kwa hiyo kama ningelazimishwa kuchagua kati ya vishikwambi vinne na mtu mmoja wa nje anayefika kila mwezi, anayejulikana kwa watoto, anayekaa chini ya mti pale ambapo anaonekana na wote lakini hasikiki, ningechagua mtu. Vishikwambi ningevichukua kama nyongeza. Na pale ofisini, bwenini na njiani kuelekea bafuni pabandikwe namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bure, pamoja na simu ambayo mtoto anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa ya mtu. Namba ukutani bila simu ni pambo.

Na mmemfanyaje yule kijana? Nauliza kwa upole, lakini ndilo swali watoto 30 waliobaki wanalolitazamia jibu. Kama alirudi akachapwa au akanyimwa safari kwa sababu alitoroka, na yale aliyoyasema kuhusu bweni yakaishia kwenye faili, somo limeshaeleweka na hakuna programu itakayolifuta. Kama wakubwa waliokuwa wanawatesa wadogo wamehamishwa chumba, taa imewekwa, na mlezi wa zamu ya usiku sasa analala karibu, basi umeshaanza kazi, hata kishikwambi hakijatolewa kwenye boksi.

Tuje kwenye vitendo. Huenda huihitaji programu ya mfadhili. KoboToolbox na ODK ni zana za kutengeneza fomu na kukusanya majibu, ambazo makao kama yako yanaweza kuzitumia bila gharama kubwa. Zinafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye, na kila swali linaweza kuwekewa sauti na picha. Kama ulihesabiwa kwenye sensa ya Agosti 2022 ulimwona karani na kishikwambi chake, wazo ni lilelile, ila hapa anayekishika ni mtoto. Mwalimu wa kompyuta wa sekondari ya jirani anaweza kujifunza kutengeneza fomu kwa siku chache. Mwambie aweke ufunguo wa siri ili majibu yasisomeke kwenye kifaa, yafutike kifaani yakishatumwa, na eneo lisirekodiwe. Usitumie WhatsApp wala fomu ya mtandaoni inayotaka barua pepe.

Sauti ndiyo jibu la wale wasiosoma, na ndipo watu wengi hukosea. Wanamchukua mama mlezi mwenye sauti nzuri arekodi maswali. Sasa mtoto anaulizwa kama mama mlezi anampiga, na anayeuliza ni mama mlezi yuleyule, ndani ya sikio lake! Tafuta sauti ambayo watoto hawaijui, ya kijana, isiyo na ukali wa mwalimu. Kama kuna watoto waliokuja juzi wakiongea lugha ya nyumbani kuliko Kiswahili, rekodi na ya lugha hiyo.

Maswali yenyewe yasiwe salamu. Kila swali linaloweza kujibiwa "nzuri" au "ndiyo" bila kufikiri, liondoe. Badala ya "Unajisikia salama hapa?" weka picha ya ramani ya makao, jiko, bweni, choo, uwanja, njia ya shule, na sauti iseme: "Gusa mahali ambapo hupendi kuwa peke yako." Nimeona watoto wakigusa choo, mmoja baada ya mwingine, kwenye makao ambayo wakubwa waliapa hakuna tatizo lolote. Taa ya chooni ilikuwa imeungua miezi mingi na njia yake ilipita nyuma ya banda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika kazi hii mara nyingi ni kunguni wenyewe hasa, si mfano: majibu mengi ya awamu ya kwanza huwa ya magodoro, chakula cha Jumapili, nguo zinazochanganywa kwenye kufua. Usivunjike moyo ukiona ni madogo. Mtoto anakupima kwa godoro kabla hajakukabidhi lingine.

Maneno ya semina nayo hayafai. "Unyanyasaji" ni neno letu sisi wa vikaoni. Mtoto anajua kupigwa, kutukanwa, kunyimwa chakula, kushikwa mahali asipotaka kushikwa. Na kila swali liwe na vifungo viwili vya ziada: "sijui" na "sitaki kujibu". Hicho cha pili usikidharau. Mtoto anayejibu yote vizuri kisha anagusa "sitaki kujibu" kwenye swali la usiku, amekuambia kitu.

Yale maswali ya sura tano, kutoka anayelia hadi anayecheka, yatumie kwa tahadhari. Watoto wadogo hupenda ncha: huchagua sura inayocheka kuliko zote au inayolia kuliko zote, hizo za kati hawazioni. Bora uulize kwa hatua mbili: kwanza unapenda au hupendi, kisha kidogo au sana. Kwa walio chini ya miaka saba, mimi nisingewaacha peke yao na kishikwambi hata kidogo. Hao wanahitaji mtu aliyefunzwa kuongea na watoto, kalamu za rangi na muda. Mwenye ulemavu wa kusikia au wa akili naye usimlazimishe fomu ya wenzake, mtafute mwalimu wa elimu maalumu anayeijua namna yake ya kuwasiliana.

Kuhusu kugusa ovyo: watafanya hivyo, siku ya kwanza. Ndiyo maana siku ya kwanza wape mchezo tu, wachore, wapige picha za vidole vyao, hamu iishe. Fomu isizidi dakika kumi na tano. Katikati weka swali kama "gusa picha ya ndizi", na anayegusa gari umejua hasikilizi, umrudie siku nyingine bila kumkaripia. Chumba kiwe na mlango ulio wazi, mtoto akae mgongo ukutani ili asichunguliwe, na mtu wa msaada awe ni yule wa nje, akae mbali kiasi cha kuitwa. Mlezi asiingie "kumsaidia". Najua nia ni njema, lakini mtoto akisaidiwa na mlezi, majibu yatakayotoka ni ya mlezi.

Ongeza maswali ambayo sisi wakubwa hatuyafikirii. Huko Uingereza, uchunguzi uitwao Bright Spots huwauliza watoto kama wameelezwa kwa nini wanaishi kwenye malezi ya serikali, na hasa miongoni mwa wadogo wapo wengi ambao hawakuelezwa ya kutosha. Jaribu hilo kwako. Wengine wanaamini waliletwa kwa sababu walimwaga uji. Waulize pia wangependa kumwona ndugu gani, na nani wanamwambia wakiwa na shida. Mtoto asiyegusa jina la mtu yeyote kwenye hilo la mwisho ndiye wa kwanza kutembelewa.

Sasa hofu yako kubwa, lile jambo zito. Litakuja, kwa hiyo liamue kabla. Mtoto akisema anaumizwa, anaguswa kingono, au anafikiria kujiua, kazi ya kishikwambi imeishia hapo na kazi ya watu imeanza siku hiyohiyo. Usimwite kumhoji. Usimkalishe na anayetajwa "wasuluhishe". Usimwombe arudie mbele ya bodi. Kila kurudia kunamuumiza upya na kunaharibu ushahidi. Msikilize akitaka kusema, mwambie umemwamini na hana kosa, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha mpigie afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ni wajibu chini ya kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009, hata kama anayetajwa ni mtu unayemheshimu. Ikiwa ni ukatili wa kingono wa hivi karibuni, mtoto afike hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Kama kuna kituo cha mkono kwa mkono karibu nanyi, mpeleke huko, atapata huduma zote mahali pamoja. Na anayetajwa akiwa mfanyakazi, asibaki zamu usiku ule. Na akiwa ni wewe unayetajwa? Ndiyo maana nimesisitiza majibu yasianzie kwenye meza yako.

Ikiwa hayo hayajapangwa, na huna mtu wa nje wa kupokea, basi usianze. Bado kaa na watoto, chambueni mchele, rekebisha taa, lakini usiwaulize mambo mazito kwa mashine ambayo haina wa kuitikia.

Majibu yakishasomwa, warudishie ndani ya wiki mbili. Waite wote, uwaambie: mlisema choo kina giza, taa ni hii. Mlisema mnataka nyama mara tatu kwa wiki, hatuwezi, bei ni hii na fedha tulizo nazo ni hizi. Mlisema mnataka kurudi nyumbani, hilo tutaongea na kila mmoja peke yake na afisa wa ustawi. Yasiyowezekana yasemwe hivyohivyo, na sababu yake. Raundi ya pili itakayokuja baada ya miezi mitatu ndiyo itakayokuambia kama kishikwambi kinafaa au la, kwa sababu sasa watoto watakuwa wanajua kinachotokea mtu akisema.

Nimewaacha walezi mwisho, si kwa kuwadharau. Kifungu cha 11 cha Sheria hiyohiyo ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, kwa hiyo suala la kuwauliza watoto au kutowauliza haliko mikononi mwa walezi. Lakini hofu yao ina msingi. Mlezi anayeamka saa kumi alfajiri, analea watoto wengi kwa mshahara mdogo, anajua neno moja la mtoto aliyekasirika linaweza kumwondoa kazini. Waeleze wazi kwamba jibu moja halimhukumu mtu. Jibu ni sababu ya kwenda kuangalia, na wanaoangalia ni wenye mamlaka hayo. Waambie pia kwamba mengi yatakayotoka hayatawahusu wao, yatahusu wakubwa wanaowaonea wadogo, kama yalivyokuwa ya yule kijana, nadhani.

Kisha, wiki moja kabla ya watoto, wape walezi hivyo vishikwambi. Tengeneza fomu yao, yenye sauti na hedifoni vilevile: unalala saa ngapi, mara ya mwisho ulipumzika lini, kazi gani hapa inakuogopesha, ukiwa umechoka kabisa unamwambia nani. Majibu yaende kwa yuleyule mtu wa nje, na muhtasari usomwe kwenye kikao chao, nawe ukae usikilize bila kujitetea. Watakuwa wamejaribu mfumo, na watakuwa wamejua ilivyo kuvaa hedifoni na kusita kidole kikiwa juu ya swali. Usisahau tu kuyafuta majibu yao kwenye kishikwambi kabla ya mtoto wa kwanza kuingia chumbani.